Riba ya Benki Kuu na Marejesho ya Mkopo Wako

Mazungumzo mbele ya wafanyabiashara wa sokoni na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa



Miongoni mwa maswali yaliyokusanywa na makatibu wenu, moja limejirudia kuliko mengine yote. Mwezi Julai 2025 ilitangazwa kwamba Benki Kuu ya Tanzania imeshusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Wenye mikopo walisubiri. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na kiasi kinachokatwa kwenye akaunti zao kikabaki kilekile. Baadhi wakaamini kwamba benki zao zimekaidi amri ya Serikali, na wengine kwamba tangazo lile lilikuwa maneno matupu. Dhana zote mbili si sahihi. Hata hivyo swali ni la haki, na ndilo nitakalolijibu leo, kwa sababu anayelielewa vizuri hukopa kwa akili zaidi kuliko anayengoja matangazo.

Nianze na jina lenyewe, maana ndilo linalopoteza watu. Riba ya Benki Kuu si riba ambayo mimi na wewe tunatozwa, wala si kikomo cha riba ambacho benki haziruhusiwi kukivuka. Ni kiwango ambacho Benki Kuu hukitumia kuongoza mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki yenyewe. Kila siku kazi inapofungwa, benki moja hujikuta na fedha za ziada kwa kuwa wateja wake wameweka nyingi, na nyingine hujikuta imepungukiwa kwa kuwa wateja wake wametoa nyingi. Iliyopungukiwa huikopa iliyozidiwa. Mkopo wa namna hiyo unaotazamwa na Benki Kuu ni ule wa siku 7, na riba yake hutakiwa iwe karibu na Riba ya Benki Kuu, isipande wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 2. Kwa hiyo riba inapowekwa asilimia 5.75, mabenki hutarajiwa kukopeshana kwa siku 7 kati ya asilimia 3.75 na asilimia 7.75. Ikizidi, Benki Kuu huingiza fedha zaidi katika soko hilo. Ikipungua mno, huziondoa.

Utaratibu huu ni mpya kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Benki Kuu ilikuwa ikiongoza uchumi kwa kudhibiti kiasi cha fedha kilichopo katika mzunguko, jambo ambalo mwananchi wa kawaida hakuliona wala kulisikia. Januari 2024 ikahamia kwenye mfumo wa riba na kutangaza kiwango cha kwanza kabisa, asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo kikapandishwa hadi asilimia 6, kikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja, ndipo kikashushwa Julai 2025. Sijui kama waliobuni mfumo huu walitambua kwamba neno “riba” likisikika redioni kila robo mwaka lingeamsha matumaini mengi kiasi hiki kwa wenye madeni. Kiasi cha fedha hakikumpa mtu matumaini, kwa kuwa hakikutajwa.

Uamuzi wa kupandisha au kushusha hufanywa na Kamati ya Sera ya Fedha, nayo haikisii. Nyuma yake wako wachumi na watakwimu ambao kazi yao ni kupima. Hupokea taarifa za mabenki yote: amana kiasi gani, mikopo kiasi gani, imekwenda kwa nani, na ipi hailipwi. Huwauliza wakuu wa mabenki na makampuni wanavyoiona miezi inayokuja. Hufuatilia bei ya mafuta katika soko la dunia, mauzo yetu ya dhahabu, korosho na utalii, mvua na mavuno, na thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni. Zaidi ya yote hutazama mfumuko wa bei, ambao hupimwa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Lengo la Tanzania ni kwamba mfumuko huo uwe kati ya asilimia 3 na asilimia 5 kwa mwaka.

Hapa naomba niweke neno pembeni, kwa sababu najua kuna mama anayeninung’unikia kimoyomoyo kwamba bei za sokoni anazijua yeye, si watakwimu. Kipimo cha taifa hutumia kapu la bidhaa na huduma 383, na ndani yake chakula na vinywaji visivyo vya kilevi vina uzito wa asilimia 28.2 tu. Huo ni wastani wa kaya zote, zenye uwezo na zisizo na uwezo. Kaya inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kununua unga, mchele, maharage na mafuta ya kula itaumia zaidi ya wastani pale vyakula vinapopanda, na itapata nafuu zaidi ya wastani vinaposhuka. Kwa hiyo mama yule anasema kweli, na mtakwimu naye anasema kweli. Kila mmoja anapima kapu lake.

Turudi kwenye swali. Kwa nini kilichoshuka kule juu hakikushuka huku chini?

Mfikirie mama lishe. Bei ya jumla ya mahindi ikipungua kwa shilingi chache kwa kilo, hakuna anayetegemea kwamba mchana wa leo sahani ya ugali na samaki itauzwa kwa bei ya chini. Mahindi ni sehemu tu ya sahani ile. Kuna mkaa, samaki, mafuta, kodi ya banda, msaidizi anayeosha vyombo, na wateja wanaokula kwa ahadi ya mwisho wa mwezi kisha wasionekane. Mkopo wa benki nao una sahani yake. Riba ya kukopeshana baina ya mabenki ni kama mahindi yale, na katika nchi yetu ni sehemu ndogo zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu mabenki mengi huendesha mikopo yao kwa amana za wateja kuliko kwa fedha za kukopa kutoka kwa benki nyingine.

Amana zina gharama yake. Aliyeweka fedha katika akaunti ya kawaida ya akiba hupata riba ya takriban asilimia 3 kwa mwaka, lakini mashirika na watu wenye fedha nyingi, wanaoziweka kwa muda maalumu, hudai kiwango cha juu zaidi na hupewa. Kisha kuna matawi, mashine, mishahara na ulinzi. Kuna Serikali pia, ambayo hukopa kwa kuuza hatifungani. Mwaka 2024 baadhi ya hatifungani za muda mrefu zilinunuliwa kwa mavuno yaliyokaribia asilimia 15. Benki inayoweza kuikopesha Serikali kwa kiwango hicho bila hofu ya kutolipwa itakuwa na sababu gani ya kumkopesha muuza nguo za mitumba kwa kiwango cha chini ya hapo?

Halafu kuna wasiolipa. Mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani ile iliyokwama kulipwa, ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki nchini. Kiwango ambacho Benki Kuu hukiona kinavumilika ni asilimia 5, na baada ya miaka kadhaa ya kusafisha vitabu tumeshuka chini ya hapo. Hiyo ni habari njema ambayo haikupigiwa ngoma. Pamoja na hayo, kumbukumbu ya hasara haifutiki upesi. Mkopeshaji asiyeweza kutofautisha mkopaji mwaminifu na mkopaji mjanja humtoza kila mmoja bei ya mjanja. Ndiyo sababu taasisi za kutunza taarifa za wakopaji zina maana kwa mtu wa kawaida kuliko anavyodhani: rekodi yako safi ya malipo ndiyo inayokutenga na yule mjanja.

Kwa ujumla wake, wastani wa riba za mikopo ya mabenki nchini umekuwa ukizungukia asilimia 15 na kidogo kabla ya mfumo mpya kuanza na baada yake, wakati wateja wakubwa wenye nguvu ya kujadiliana hupata takriban asilimia 12 au 13. Angalieni pengo hilo la mwisho. Limetokana na majadiliano, na Riba ya Benki Kuu ni moja kwa wote wawili. Wachumi wa benki kuu mbalimbali duniani wamelichunguza sana suala la safari ya riba kutoka benki kuu hadi kwa mkopaji, na wanachokikuta kinafanana: soko la mabenki huitikia kwa siku chache, amana na mikopo huitikia kwa miezi, na mara nyingi si kwa ukamilifu. Pale ambapo soko la fedha bado ni changa na mabenki machache yana sehemu kubwa ya biashara, mwitikio huwa dhaifu zaidi.

Lipo pia jambo la mkataba. Ikiwa mkataba wako unasema riba ni asilimia 16 kwa muda wote wa miezi 24, basi ni asilimia 16 hadi mwezi wa mwisho, ipande au ishuke riba ya kule juu. Mkataba wa namna hiyo hukulinda riba zinapopanda na hukunyima nafuu zinaposhuka. Mkataba mwingine huruhusu mkopeshaji kubadilisha riba kwa kutoa taarifa. Wengi wenu hamjui mna upi kati ya hiyo miwili, na karatasi ziko ndani ya makabati yenu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu huondoa ubishi. Tuseme una deni la shilingi 5,000,000, na kwamba benki yako imeamua kukupa punguzo lote la Julai 2025, pasipo kubakiza hata senti. Robo ya asilimia ya shilingi 5,000,000 ni shilingi 12,500 kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi 12: ni kama shilingi 1,040 kwa mwezi, na hiyo ni mwanzoni tu, kabla deni halijaanza kupungua. Hicho ndicho kitu ambacho watu wamekisubiri kwa hamu na kukikasirikia kwa kukikosa. Sikidharau, kwa kuwa shilingi elfu moja ni fedha, lakini nawahakikishia kwamba wengi wenu mnapoteza mara kumi ya hiyo mahali pengine, katika kifungu cha mkataba ambacho hakikusomwa. Nitakifikia.

Kabla ya hapo, haki ya Benki Kuu nayo isemwe. Mtu anaweza kuuliza: kama riba hii hainipunguzii marejesho, inanifaa nini? Inakufaa katika bei. Kazi ya kwanza ya Benki Kuu kwa mujibu wa sheria yake ni kulinda uthabiti wa bei. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Desemba 2011, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 19.8. Chakula kilipanda, mafuta yalipanda, shilingi ilidhoofika. Aliyekuwa na shilingi 1,000,000 ndani ya mtungi mwaka mmoja kabla, alihitaji shilingi 1,198,000 kununua vitu vilevile. Hakuibiwa na mtu, hakutozwa na mtu, na hakuna ofisi ambayo angeweza kwenda kudai fedha zake. Wazee zaidi wanakumbuka miaka ya 1980, ambapo kulikuwa na miaka bei zilizopanda kwa zaidi ya asilimia 30. Mfumuko mkubwa humla zaidi mwenye mshahara wa mwezi, mwenye pensheni na mwenye akiba ya taslimu. Aliye na majengo na magari hupona.

Katika miaka hii ya karibuni tumekuwa na mfumuko wa takriban asilimia 3, na tumeuzoea kiasi cha kutouona. Ukipanga bei ya gauni unaloshona leo kwa ajili ya harusi ya miezi 4 ijayo, unaipanga ukiamini kwamba kitambaa hakitapanda kwa theluthi kabla ya siku hiyo. Mchezo wa upatu wa watu 12 una haki pale tu ambapo fedha anayoipokea wa kumi na mbili inanunua karibu sawa na ile aliyoipokea wa kwanza. Ukiona Kamati imepandisha riba wakati wewe unataka ishuke, huenda inakilinda kitu hicho. Na inaposhusha, haisemi “nendeni mkakope”. Inasema imeridhika kwamba bei ziko ndani ya lengo.

Upo pia ulinzi wa namna ya pili, ambao huonekana siku ya tatizo tu. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 ndogo zilizokuwa na mtaji pungufu kuliko unaotakiwa. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakulima, wanawake wafanyabiashara na waumini. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mwenye amana hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki akisubiri mali za benki zikusanywe na kuuzwa. Kikomo hicho kimepandishwa hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Mwenye akiba hulindwa bila kulipa chochote, kwa kuwa mchango hutolewa na mabenki. Lakini ulinzi huo ni wa benki na taasisi za fedha zenye leseni ya kupokea amana. Fedha zilizomo katika sanduku la VICOBA, akiba za chama chenu cha ushirika wa akiba na mikopo, na fedha alizokabidhiwa jirani anayeahidi faida ya asilimia 20 kwa mwezi, hazimo. Ikiwa kikundi chenu kina zaidi ya shilingi 7,500,000, kufungua akaunti katika benki mbili si ushamba wala si kutoaminiana.

Sasa nifike kwenye kifungu kile.

Mkopo hutajwa kwa kiwango cha riba, lakini kiwango peke yake hakisemi kitu mpaka uulize: riba hii inakokotolewa juu ya nini? Zipo njia mbili. Ya kwanza, riba hukokotolewa juu ya deni lililobaki. Kila unapolipa, deni hupungua, na riba ya mwezi unaofuata hupungua nalo. Ya pili, riba hukokotolewa juu ya mkopo wote ulioupokea siku ya kwanza, na kiasi hichohicho hutozwa kila mwezi hadi mwisho, kana kwamba hujalipa hata shilingi.

Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa njia ya kwanza utarejesha takriban shilingi 103,500 kila mwezi, na jumla ya riba itakuwa kama shilingi 241,800. Kwa njia ya pili utatozwa riba ya shilingi 35,000 kila mwezi, utarejesha takriban shilingi 118,300, na jumla ya riba itakuwa shilingi 420,000. Kiwango kilichoandikwa juu ya karatasi ni kilekile, asilimia 3.5. Tofauti ni zaidi ya shilingi 178,000. Tazameni hasa mwezi wa kumi na mbili katika njia ya pili: deni la msingi lililobaki ni kama shilingi 83,300 tu, na bado riba ya mwezi huo ni shilingi 35,000. Hiyo ni asilimia 42 ya unachodaiwa, kwa siku 30. Ukiibadilisha njia hiyo ya pili kuwa ya kwanza ili uzilinganishe, utakuta umekopa kwa karibu asilimia 5.9 kwa mwezi, wakati ulitajiwa 3.5.

Kwa kulinganisha, mkopo uleule wa shilingi 1,000,000 kutoka benki kwa asilimia 15 kwa mwaka, ukikokotolewa juu ya deni lililobaki, hugharimu riba ya takriban shilingi 83,000 kwa miezi 12. Najua jibu lenu: benki haimkopeshi mtu asiye na dhamana wala mshahara. Mara nyingi ni kweli, na sitawaambia kwamba mlango wa benki uko wazi kwa kila mmoja. Ila wapo waliokwenda kwa mkopeshaji wa mtaani kwa sababu tu ofisi yake iko karibu na hakuwauliza maswali, ilhali tayari wana miaka miwili ya miamala ya simu inayoweza kuonyesha biashara yao.

Baada ya riba kuna ada. Ada ya maombi, ada ya uandishi wa mkataba, bima ya mkopo, akiba ya lazima inayozuiwa. Ukikopa shilingi 1,000,000 na kukatwa jumla ya asilimia 3 mezani, umepokea shilingi 970,000 lakini unalipia riba ya 1,000,000. Kwa hiyo ombeni takwimu mbili zilizoandikwa: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitakuwa nimelipa shilingi ngapi hadi siku ya mwisho. Asiyetaka kuziandika amekwisha kuwajibu. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama na masharti kwa uwazi kabla ya kusaini, na si fadhila yake kwenu.

Kuhusu ile mikopo iliyopewa jina la “kausha damu”, nitasema bila kuzunguka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka watoa huduma hao katika madaraja 4, na wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo watu binafsi wanaokopesha kwa biashara, wamo katika daraja la pili na wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kikomo cha riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekupa shilingi 100,000 na kudai 130,000 baada ya siku 30 anatoza asilimia 30. Akidai sehemu yake kila jioni katika siku hizo 30, ni zaidi ya hapo, kwa kuwa fedha zake hazikai kwako mwezi mzima. Mkopeshaji wa namna hiyo yuko nje kabisa ya mazungumzo ya Riba ya Benki Kuu. Ishuke hadi sifuri, yeye hatasikia. Kinachomfikia ni leseni, ukaguzi na malalamiko yenu.

Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya ndani ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Watu walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu: riba zisizoeleweka, na zaidi ya riba, fedheha. Mkopaji akichelewa siku mbili, wakwe, mwajiri na mchungaji wake hupokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina katika simu yako inachukua dhamana ambayo haikutajwa katika mkataba, yaani heshima yako. Kabla ya kupakua, angalieni kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni, ambayo Benki Kuu huichapisha.

Mwisho, mtu akionewa aende wapi? Hatua ya kwanza ni kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala iliyopokelewa kwa muhuri au ujumbe unaothibitisha. Wengi huiruka hatua hii kwa hasira, kisha hurudishwa nyuma wanapofika mbele. Asiporidhika, anayelalamikia benki au mkopeshaji wa daraja la pili huenda Benki Kuu, yenye dawati la malalamiko. Anayelalamikia chama cha ushirika wa akiba na mikopo huelekea Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mambo ya vikundi vya kijamii vya daraja la nne husimamiwa kupitia halmashauri. Katika kila hatua ataulizwa mkataba, risiti na taarifa ya marejesho. Asiye na nakala ya mkataba wake aende kuidai wiki hii, kabla ya kuwa na ugomvi wowote, kwa sababu wakati wa amani hutolewa kwa dakika chache.

Nimeleta karatasi zenye jedwali la marejesho kwa njia zile mbili, kwa mikopo ya shilingi 500,000, 1,000,000 na 5,000,000. Zitagawiwa sasa. Wenye mikataba yao hapa waiweke mbele yao, tutafute pamoja kifungu kinachosema riba inakokotolewa juu ya nini, kisha niko tayari kwa maswali.